Nimepungukiwa na Nini?

Georges Heylens alikuwa beki wa Anderlecht na wa timu ya taifa ya Ubelgiji kabla ya kuwa kocha. Stashahada yake ya ukocha aliipata kwao. Mwaka 1984 alivuka mpaka akaenda kuifundisha klabu ya Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Sheria ya Ufaransa ilimtaka kocha wa kulipwa awe na stashahada ya nchi hiyo, au ya nje ambayo serikali imekubali kuwa inalingana nayo. Heylens akaomba ya kwake itambuliwe. Wizara ikamkatalia, ikitegemea maoni ya kamati maalumu ambayo hayakutaja sababu hata moja. Alipoendelea na kazi, chama cha makocha wa Ufaransa kilimfikisha katika mahakama ya jinai, yeye pamoja na viongozi wa klabu.

Mahakama ya Lille ilipeleka swali Luxembourg, kwenye Mahakama ya Haki ya Jumuiya ya Ulaya, na jibu lilitoka tarehe 15 Oktoba 1987. Majaji hawakutamka kwamba stashahada ya Ubelgiji ni sawa na ya Ufaransa, maana hiyo haikuwa kazi yao. Walichosema ni kwamba anayekataliwa lazima aambiwe sababu, na lazima awe na mahali pa kukata rufaa.

Kesi ya pili ilikuja miaka michache baadaye. Irène Vlassopoulou alikuwa wakili wa Kigiriki aliyesajiliwa Athens, mwenye shahada ya udaktari wa sheria kutoka Tübingen, na tangu mwaka 1983 alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya mawakili mjini Mannheim, Ujerumani. Mwaka 1988 aliomba asajiliwe kuwa wakili wa Kijerumani. Wizara ya sheria ya jimbo la Baden-Württemberg ikamjibu kwamba hajafanya mitihani miwili ya serikali ya Ujerumani, na shauri likaishia hapo. Tarehe 7 Mei 1991 mahakama ile ile ilikataa jibu hilo. Ilisema mamlaka haiwezi kumuuliza mtu kama ana cheti cha nchi yao, kisha ikafunga faili. Inapaswa kuchukua cheti alicho nacho pamoja na uzoefu wake, ikavilinganisha na kinachotakiwa, na vikilingana kwa sehemu tu, imwambie sehemu iliyobaki na impe nafasi ya kuonyesha kwamba ameijaza.

Hukumu hizi mbili zimebeba karibu kila kitu ambacho mhamiaji mwenye taaluma anastahili kudai. Mjadala wa vyeti vya kigeni huchezwa mara nyingi kama mechi kati ya pande mbili: wanaotaka kila cheti kikubaliwe, na wanaotaka wagonjwa, wanafunzi na watumiaji wa madaraja walindwe dhidi ya wataalamu wasiojulikana walikosomea. Hukumu hizi zinapita katikati. Muuguzi aliyesomea Mbeya hana haki ya kudai asajiliwe Hamburg siku atakayotua. Ana haki ya kuuliza swali moja na kupata jibu la maandishi: nimepungukiwa na nini?

Ni vizuri kutenganisha mambo mawili ambayo wasafiri wengi huyachanganya. Kuna kazi zinazolindwa na sheria: daktari, muuguzi, mfamasia, wakili, mwalimu wa shule za umma, na mhandisi katika nchi nyingi. Katika kazi hizo, hata hospitali ikikutaka leo, haiwezi kukupa kazi hiyo bila usajili wa baraza au mamlaka inayohusika. Kisha kuna kazi zilizo wazi, kama uandishi wa programu za kompyuta, masoko, upishi na sehemu kubwa ya kazi za ofisini. Huko mwajiri ndiye mwamuzi, na cheti kinahitajika zaidi kwa ajili ya viza na kwa ajili ya kumfanya mwajiri aelewe anachokiona. Mtu mwenye shahada ya uchumi kutoka Makerere hahitaji idhini ya baraza lolote ili afanye kazi Berlin. Anahitaji shahada yake isomeke. Kwa shughuli hiyo Ujerumani ina ofisi yake mjini Bonn, iitwayo ZAB kwa kifupi, inayotunza kanzidata ya Anabin. Yeyote anaweza kuifungua bure na kutazama chuo chake kimepewa alama gani: H+ kwa chuo kinachotambuliwa, H- kwa kisichotambuliwa, na H+/- kwa kile ambacho kila kesi yake inachunguzwa peke yake.

Ndani ya Umoja wa Ulaya kuna kundi la fani saba ambazo utambuzi wake hauna mlolongo mrefu: madaktari, wauguzi, wakunga, madaktari wa meno, madaktari wa mifugo, wafamasia na wasanifu majengo. Sheria yao ya mwaka 2005 inasema aliyesomea mojawapo katika nchi moja mwanachama atambuliwe katika nyingine. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu nchi hizo zilikubaliana kwanza kiwango cha chini cha mafunzo. Muuguzi, kwa mfano, lazima awe amesoma angalau miaka mitatu na saa 4,600 za darasani na za vitendo. Nchi zilipoafikiana juu ya saa, zikaacha kubishana juu ya karatasi. Lakini njia hii ni ya vyeti vya Ulaya. Mtu aliyesomea Bukavu, Mombasa au Zanzibar anaingia kwa mlango mwingine, na kwa miaka mingi mlango huo ulikuwa haujulikani hata uko upande gani wa nyumba.

Ujerumani iliufungua tarehe 1 Aprili 2012. Siku hiyo ilianza kutumika sheria ya shirikisho ya kutambua sifa za kitaaluma za kigeni. Kabla yake, wahamiaji wengi kutoka nje ya Ulaya hawakuwa hata na haki ya kufanyiwa tathmini katika fani nyingi. Waliambiwa tu kwamba vyeti vyao si vya Ujerumani. Sheria mpya ilimpa kila mtu haki ya kufanyiwa ulinganisho, bila kujali uraia wake, na hata akiwa bado yuko nyumbani kwao. Ofisi inalinganisha mafunzo yake na mafunzo ya Kijerumani ya kazi hiyo hiyo: muda, masomo, vitendo. Penye pengo, inatazama kama uzoefu wa kazi umeliziba. Karatasi zikikamilika, jibu linapaswa kutoka ndani ya miezi mitatu, ingawa sheria inaruhusu muda huo kuongezwa. Jibu lenyewe ni la aina tatu: cheti kimetambuliwa chote, kimetambuliwa kwa sehemu, au kimekataliwa.

Jibu la katikati ndilo wengi wetu hulipata, na hapo ndipo ubora wa sheria hiyo unapoonekana. Katika fani kama uuguzi, mwombaji anapewa waraka ambao wauguzi wa Afrika Mashariki walioko huko wamezoea kuuita kwa jina lake la Kijerumani, Defizitbescheid. Ndani yake pameandikwa somo gani limepungua na kwa kiasi gani. Muuguzi huchagua moja kati ya mawili: kozi ya kujazia inayofuata mapengo yale, au mtihani wa maarifa wenye sehemu ya mazungumzo na sehemu ya vitendo wodini. Wakati wote huo anaweza kufanya kazi kama msaidizi wa muuguzi, kwa mshahara mdogo zaidi. Siku anapokamilisha, na akiwa na Kijerumani cha ngazi ya B2, anakuwa muuguzi kamili sawa na aliyesomea Munich.

Maelezo hayo ni mepesi kuliko safari yenyewe. Kikwazo cha kwanza hutoka nyumbani. Mafunzo ya uuguzi ya Kijerumani yamegawanywa kwa saa: 2,100 za nadharia na 2,500 za vitendo. Ofisa aliyeshika faili anataka kujua mwombaji alikaa saa ngapi wodi ya watoto, saa ngapi ya wazee, saa ngapi ya wagonjwa wa akili. Matokeo yanayotolewa na vyuo vyetu vingi yanaonyesha alama: A, B, C. Hayaonyeshi saa. Ofisa asiyeona saa hawezi kuzikisia. Anaandika kwamba hazipo. Ndivyo muuguzi aliyelala wodini miezi mizima anavyojikuta ana upungufu kwenye karatasi, upungufu ambao barua moja ya mkuu wa chuo, yenye jedwali la masomo na saa zake, ingeuondoa. Hili ni jambo dogo lenye gharama kubwa, na halihitaji mkataba wa kimataifa kulirekebisha.

Kikwazo cha pili kinauma zaidi kwa sababu kinagusa heshima ya mtu. Kwetu, muuguzi mwenye shahada au stashahada huweka sindano za mishipa, husimamia wodi nzima usiku, huzalisha, na katika zahanati za vijijini mara nyingi ndiye tabibu pekee. Kuosha na kulisha wagonjwa hufanywa kwa kiasi kikubwa na ndugu zao. Ujerumani, kumwosha mgonjwa, kumgeuza, kumlisha na kumtazama ngozi yake ni kiini cha uuguzi wenyewe, na baadhi ya kazi za sindano kwa desturi ni za daktari. Muuguzi mgeni hufika akiwa na ujuzi ambao hauulizwi, na anaulizwa kazi ambayo hakuwahi kuihesabu kuwa ndiyo taaluma yake. Wapo wanaoichukulia hali hiyo kama kudharauliwa. Kuna dharau za kweli katika nchi za watu, na zikitokea zikemewe. Lakini jambo hili hasa ni tofauti ya mpangilio wa kazi, na mawakala wanaowasafirisha vijana wanapaswa kuwaeleza kabla hawajapanda ndege.

Kwa daktari njia ni ndefu zaidi. Juu ya Kijerumani cha kawaida, anafanya mtihani wa lugha ya kitabibu wa dakika 60: dakika 20 za kuzungumza na mgonjwa, 20 za kuandika taarifa yake, na 20 za kumweleza daktari mwenzake. Anaweza kupewa leseni ya muda ya hadi miaka miwili, na pengo la masomo likibaki, kuna mtihani wa mdomo na vitendo unaozunguka zaidi tiba ya ndani na upasuaji. Hakuna kati ya hayo ambalo ni la kuonea mtu. Mgonjwa mzee wa Leipzig anayesema kifua kinambana anastahili daktari anayemwelewa.

Lugha ndiyo inayokwamisha wengi, hata pale ambapo hawaitarajii. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi wa Kenya Uingereza. Muda si mrefu Waziri wa Afya wa Kenya wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza hadharani kwamba kati ya wauguzi wapatao 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu. Hao ni watu waliosoma uuguzi kwa Kiingereza na kuandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza kila siku. Kilichowashinda kinaweza kuwa ni namna mtihani ulivyotungwa zaidi kuliko uwezo wao wa kuhudumia mgonjwa, na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza lenyewe lililegeza utaratibu wake Februari 2023, likaruhusu waajiri waliomwona mtu akifanya kazi nchini humo watoe ushahidi wa ziada kuhusu lugha yake. Baada ya lugha unabaki mtihani wa kompyuta, unaoweza kufanyiwa nje, na mtihani wa vitendo unaofanyiwa Uingereza kwenye vituo kumi mfululizo, kila kimoja kikipima jambo moja.

Septemba 2024 msisimko ulihamia tena Berlin. Tarehe 13 ya mwezi huo Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz walishuhudia kutiwa saini kwa makubaliano ya uhamiaji na ajira kati ya Kenya na Ujerumani. Habari zikaenea kwamba Ujerumani imeahidi Wakenya kazi 250,000. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ilijitokeza haraka kukanusha: hakuna idadi iliyomo kwenye makubaliano hayo, na kila mwombaji lazima atimize masharti yale yale ya sheria ya wafanyakazi wenye ujuzi. Mfano uliokuwepo wakati huo ulikuwa wa kawaida kabisa: madereva watano wa mabasi kutoka Kenya waliopelekwa Flensburg, mji ulio mpakani na Denmark, kwa mradi wa majaribio. Kati ya watano na 250,000 kuna kazi yote tunayoizungumzia hapa: ya vyeti, saa, leseni na lugha. Mkataba wa viongozi hauifanyi kazi hiyo kwa niaba ya mtu yeyote.

Hata hivyo sheria ya Ujerumani imeendelea kulegezwa. Tangu tarehe 1 Machi 2024, mtu mwenye mafunzo ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na nchi yake, Kijerumani cha ngazi ya A2 na mwajiri aliye tayari, anaweza kuingia nchini na kufanya utambuzi akiwa kazini. Katika kazi zisizolindwa, mwenye uzoefu wa miaka miwili, cheti kinachotambuliwa kwao na mshahara uliofikia kiwango kilichowekwa anaweza kuajiriwa bila utambuzi wa Kijerumani kabisa. Nchi haikufanya hivyo kwa huruma. Ina wazee wengi na vijana wachache, na wodi zake hazina wahudumu wa kutosha. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kanada inaonyesha kinachotokea nchi inapowaita wataalamu kwa mkono mmoja na kuwazuia kwa mwingine. Kwa miongo mingi imekuwa ikichagua wahamiaji kwa pointi, na elimu hulipa pointi nyingi. Mtu hupata ukaazi kwa sababu ni mhandisi, kisha anapofika bodi ya wahandisi humwambia hajawahi kufanya kazi Kanada. Mwaka 2012 idara ya uhamiaji ya nchi hiyo ilitoa utafiti kuhusu madereva wa teksi, uliotumia sensa ya mwaka 2006. Madereva walizidi 50,000 kidogo, na nusu yao hivi walikuwa wahamiaji. Kati ya wahamiaji hao, mmoja kwa kila watano alikuwa na shahada ya kwanza au zaidi. Kwa waliozaliwa Kanada, hawakufika mmoja kwa kila ishirini. Wahamiaji wapatao 200 walikuwa madaktari wa tiba au wenye shahada ya udaktari wa falsafa. Kuendesha teksi ni kazi halali na imesomesha watoto wengi. Lakini nchi iliyomchagua mtu kwa sababu ya udaktari wake, kisha ikamwacha nyuma ya usukani, imempotezea miaka yake, na imewanyima wagonjwa wake daktari.

Jimbo la Ontario lilianza kusahihisha. Sheria yake ya mwaka 2006 inazitaka bodi za taaluma zitoe maamuzi ya wazi na ya haki, yenye sababu za maandishi, na ikaweka kamishna wa kuzifuatilia. Mwaka 2013 Tume ya Haki za Binadamu ya jimbo hilo ilisema kwamba sharti la kuwa na uzoefu wa Kanada, kwa sura yake ya kawaida, ni ubaguzi. Bodi ya wahandisi ya Ontario ilikuja kuliondoa sharti hilo Mei 2023. Miaka kumi ni mingi mno kwa mtu aliyefika akiwa na miaka 35 na watoto watatu.

Kwa madaktari hali ni ngumu kwa namna nyingine. Mtu anaweza kufaulu mitihani ya kitaifa ya Kanada na bado akakosa nafasi ya mafunzo ya hospitalini, kwa sababu nafasi zilizotengewa waliosomea nje ni chache. Hapo swali la amepungukiwa na nini halina jibu la kitaaluma. Hajapungukiwa na kitu. Zimepungua nafasi, na mamlaka inapaswa kulisema hilo waziwazi badala ya kumrudisha kila mwaka kwenye mtihani mwingine.

Wakongo wanaohamia Quebec wanaijua sura nyingine ya jambo hili. Oktoba 2008 Ufaransa na Quebec zilitia saini makubaliano ya kutambuliana sifa za kitaaluma: aliyefuzu Ufaransa anaelezwa kwa uwazi anachohitaji ili asajiliwe Montréal, na aliyefuzu Quebec vivyo hivyo akienda Ufaransa. Daktari wa Lubumbashi anazungumza lugha hiyo hiyo, lakini makubaliano hayamhusu. Tena vyeti vyake hukosewa kusomwa. Chini ya utaratibu wa zamani wa Kongo, ulioanza kubadilishwa kwa mapana mwaka 2021, mwanafunzi wa chuo kikuu alisoma miaka mitatu ya kwanza, kisha miwili zaidi ndipo apate lisansi. Lisansi ya Ufaransa ni ya miaka mitatu. Ofisa asiyejua tofauti hiyo humkata Mkongo miaka miwili ya masomo kwa kosa la kusoma kichwa cha cheti bila kusoma kilichomo.

Na wapo ambao hawana cheti cha kukosewa. Nyumba iliungua Goma, chuo kilifungwa, au mtu alikimbia usiku akiwa amebeba mtoto. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 unazitaka nchi, katika vifungu vya 19 na 22, ziwatazame kwa wema wakimbizi wenye vyeti vya taaluma na masomo, lakini mtu hawezi kutambuliwa kwa karatasi iliyobaki majivuni. Wanorwei ndio waliobuni njia nzuri: wataalamu wanaoijua mifumo ya elimu ya nchi atokako mtu wanamhoji kwa kina, wanatazama chochote alichonacho, kisha wanaandika tathmini yao. Baraza la Ulaya lilianza kuitumia mwaka 2017 kwa jina la pasipoti ya sifa za wakimbizi, na UNESCO ikaifanyia majaribio Zambia mwaka 2019. Ujerumani nayo, kwa mafundi, inaruhusu mtu apimwe kwa kazi yenyewe. Fundi umeme asiye na cheti anapewa ubao, nyaya na mtu mzoefu wa kumtazama. Hakuna ushahidi wa ufundi ulio wa kweli kuliko huo, na kuna kila sababu ya kuutumia katika kambi za wakimbizi za Kakuma na Nyarugusu.

Maana shauri hili ni letu pia. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na wengi wanatoka Kongo na Sudan Kusini. Miongoni mwao wamo walimu. Mwalimu wa Kikongo mwenye diploma ya serikali na miaka ya kazi lazima alinganishiwe cheti cha sekondari na Baraza la Mitihani la Uganda na cha juu na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, alipe ada, na atafsiriwe karatasi zake kutoka Kifaransa. Wengi huishia kuwa wasaidizi darasani, wakiwatafsiria watoto wa kwao yale ambayo mwalimu mwingine anafundisha, katika madarasa yaliyofurika. Nchi za IGAD, jumuiya ya kikanda ambayo Uganda ni mwanachama wake, zilikubaliana Djibouti, Desemba 2017, kushughulikia elimu ya wakimbizi pamoja na sifa za walimu wao. Utekelezaji ndio unaosubiriwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina maandishi mazuri. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazitaka nchi wanachama katika kifungu cha 11 zitambuliane vyeti vya elimu na vya taaluma. Wasanifu majengo na wahasibu walitia saini makubaliano yao mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012, na madaktari wa mifugo wakafuata. Mwaka 2017 marais walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Mhandisi aliyesajiliwa Dar es Salaam ana msingi wa kuomba usajili Nairobi bila kuanza upya. Anachokutana nacho baadaye ni kibali cha kazi, ambacho ni shauri la idara nyingine, na kila nchi ina ada zake na hofu zake. Zaidi ya hayo, makubaliano hayo yalijadiliwa kabla Kongo haijaingia mwaka 2022, na mamilioni ya watu wake wamesoma kwa mfumo ambao mabaraza ya Nairobi, Kampala na Dodoma hayajauzoea.

Hofu ya wenyeji isidharauliwe. Machi 2017, baada ya mgomo wa madaktari wa Kenya uliodumu takriban siku 100, serikali ya nchi hiyo iliiomba Tanzania madaktari 500, na Rais John Magufuli akakubali. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani, wakasema wenzao wengi hawana ajira. Mahakama ikasimamisha mpango huo, na mwezi uliofuata Magufuli akaagiza madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda Kenya waajiriwe Tanzania. Hakuna aliyethibitisha kwamba daktari wa Muhimbili hafai kumtibu mtu wa Kisumu. Ugomvi ulikuwa juu ya ajira, na ni ugomvi halali, ila unapaswa kusuluhishwa kama ugomvi wa ajira. Baraza la taaluma likianza kuutatua kwa kukataa vyeti, linaacha kulinda wagonjwa na kuanza kulinda nafasi za wanachama wake.

Mkataba wa UNESCO wa kutambua sifa za elimu ya juu duniani, uliopitishwa Novemba 2019 na kuanza kutumika tarehe 5 Machi 2023, umeweka kanuni ambayo Heylens na Vlassopoulou wangeitambua mara moja: cheti kitambuliwe, isipokuwa mamlaka ionyeshe tofauti kubwa ya msingi. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayekataa. Kwa Afrika kuna mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 2014, uliochukua nafasi ya ule wa Arusha wa mwaka 1981 na kuanza kutumika Desemba 2019. Serikali za Afrika Mashariki zinapodai haki kwa watoto wao walioko Hamburg na Toronto, zinapaswa kuitenda haki hiyo hiyo kwa mwalimu wa Uvira aliyeko katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, Uganda.

Kwa msomaji anayejiandaa kuondoka, mambo machache ni ya lazima. Hakikisha kwanza kama kazi yako inalindwa na sheria huko uendako. Omba chuo chako barua rasmi yenye masomo, saa za darasani na saa za vitendo kwa kila idara, ukiwa bado unaweza kufika ofisini mwenyewe. Chukua barua za waajiri zenye tarehe na majukumu, pamoja na uthibitisho wa baraza lako kwamba huna shauri la nidhamu. Tafsiri zifanywe na mtafsiri anayekubalika na mamlaka ya huko. Anayerudi na cheti cha nje naye aanze mapema: Tanzania, shahada huenda Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), vyeti na stashahada baraza la elimu ya ufundi (NACTVET), na vya sekondari Baraza la Mitihani (NECTA); Kenya kuna mamlaka ya sifa ya taifa, KNQA, na aliyesomea udaktari nje ya nchi husubiriwa na mtihani wa baraza la madaktari kabla ya mafunzo ya hospitalini. Ukikataliwa popote, omba sababu kwa maandishi na uliza muda wa kukata rufaa.

Na kwa wakuu wa vyuo: andikeni saa kwenye matokeo. Ile miezi mitatu ya Ujerumani haianzi kuhesabiwa mpaka karatasi ya mwisho iwe mezani.